Mkato wa ngazi uliokaa kofia: jibu kwa msusi wa Tanga

"Shikamoo mwalimu. Nina saluni ndogo hapa Tanga. Kusuka najiamini na dawa ya kunyoosha nywele naweka vizuri, ila kukata nilijifunza kwa kuangalia video. Wateja siku hizi wanataka leya, ule mkato wa ngazi. Mwezi uliopita nilimkata mteja mwenye nywele za dawa zinazogusa mabega, akaondoka ameridhika. Wiki iliyofuata akamleta rafiki yake mwenye nywele za asili. Nikampiga blodraya na pasi, nikamkata vilevile, na siku hiyo akapendeza mno. Alipoosha akanipigia simu karibu analia: utosini zimepanda zimekaa kofia, chini zimebaki ndefu na chache, pembeni hazilingani. Wenzangu mmoja anasema nywele za asili hazikatwi leya mpaka ziwekwe dawa, mwingine anasema ningekata zikiwa zimelowa, mwingine ananiambia nitumie wembe. Nani yuko sahihi? Nitamrekebishaje bila kumkata zote? Na nimrudishie hela yake?"

Marahaba mdogo wangu. Mkono wako ulifanya kazi ileile kwenye vichwa viwili, kimoja kikatoka vizuri na kingine kikaharibika, na sasa unajiuliza kama tatizo ni nywele au ni wewe. Nianze na hao wenzako watatu, maana ukiwafuata utaharibu zaidi ya ulivyoharibu.

Nywele za asili zinakatwa ngazi. Tena zikikatwa vizuri umbo linakaa kuliko kwenye nywele za dawa, kwa sababu zina nguvu ya kujisimamisha zenyewe. Kumwekea mtu dawa ili mkasi wako upate urahisi ni kumtoza mteja kitu ambacho msusi ndiye hajajifunza. Kukata zikiwa zimelowa kuna mahali pake, lakini kwa huyu mteja kungekufikisha palepale kwa njia nyingine. Na wembe uache kwenye droo. Sababu nitakupa mbele.

Kilichotokea ni kwamba ulizikata zikiwa na urefu mmoja, na yeye anaishi nazo zikiwa na urefu mwingine. Mengine yote ninayokuandikia hapa yanatoka hapo.

Kwanza tuelewane ngazi zinatoka wapi. Wengi wanakodolea macho mkono wenye mkasi, lakini ngazi zinatengenezwa na mkono wa pili, ule unaoshika nywele. Ukishika kishungi kikiwa kimelala shingoni na kukata, zote zinaishia mstari mmoja, hakuna ngazi. Ukikiinua mpaka kisimame wima kutoka kwenye ngozi ya kichwa, yaani kwa pembe ya nyuzi 90, na ukakata kila mahali urefu uleule, za juu zitaishia juu na za chini zitaishia chini, kwa kuwa mizizi yake haiko mahali pamoja. Ukizivuta zote, hata za shingoni, zikutane juu ya utosi na kuzikata hapo, za shingoni zimesafiri mbali kufika kwenye vidole vyako, kwa hiyo zinabaki ndefu sana na za utosini zinakuwa fupi.

Tuweke namba uone. Tuseme kutoka utosini hadi nywele zinapoanzia shingoni ni sm 20, na umeamua za utosini ziwe na sm 15. Ukikata kwa nyuzi 90 kichwa kizima, unywele wa utosini ukianguka unaishia sm 15 chini ya utosi, na wa shingoni unaishia sm 35 chini ya utosi. Tofauti ni sm 20. Ukizivuta zote juu, wa shingoni unahitaji takriban sm 35 ili ufike kwenye vidole, na ukianguka unaishia sm 55 chini ya utosi. Tofauti imekuwa sm 40, mara mbili ya ile ya kwanza, na wewe hukubadilisha kitu isipokuwa pembe ya mkono.

Sasa fikiria zile video za kufunga nywele fundo moja juu ya paji, kukata ncha mara moja, kisha kufungua na kutikisa kichwa. Huo ni mtindo wa kuvuta juu. Kwa mtu mwenye nywele nyingi zilizonyooka hadi kiunoni, zipo nywele za kujaza hizo sm 40. Mteja wa mabegani hana. Za shingoni kwake hazifiki hata kwenye vidole, hazikatwi kabisa, zinabaki kama zilivyokuwa. Umekata utosi tu. Na usisahau kwamba nusu ya uzuri wa zile video ni rolasi na pasi ya kukunja iliyopita baada ya mkasi, kabla kamera haijawashwa tena.

Hesabu hizi za pembe alizipa umaarufu fundi wa nywele Vidal Sassoon kule London miaka ya 1960: nywele zikatwe kwa kufuata umbo la kichwa, mwanamke aoshe, atikise, aende zake. Kazi nzuri kabisa, na bado ndiyo msingi wa ukataji wa kisasa. Ila ilipigwa hesabu kwa nywele zinazoanguka chini. Za huyu mteja wako zinapanda.

Hapo ndipo tuingie ndani ya unywele. Unywele wa Kiafrika wa asili hauko duara, ni bapa, na kijifuko unamoota ndani ya ngozi kimepinda, ndiyo maana unatoka umejikunja tangu mwanzo. Ndani yake kuna protini ya keratini iliyoshikiliwa na vifungo, na viwili kati ya hivyo vinakuhusu. Vifungo vya salfa ni imara, havijali maji wala blodraya; hivyo ndivyo dawa inavyovivunja, na havirudi. Vifungo vya hidrojeni ni dhaifu lakini ni vingi mno. Vinaachia kwa maji au joto, kisha vinajifunga upya nywele zikikauka au zikipoa katika umbo lolote uliloziacha. Blodraya na pasi vinachezea hivyo vya hidrojeni tu. Kwa hiyo siku ile mkunjo wa mteja wako ulikuwa umelazwa, haukuondoka. Na kwenu pwani hewa yenyewe ina maji: hata asingeosha, mchana mmoja wa jasho ungetosha kuanza kumharibia.

Mkunjo ule wa kubana unaweza kuficha zaidi ya nusu ya urefu, na kwa wengine hadi robo tatu. Lakini kilichokukamata siyo kupungua kwenyewe, ni kupungua kusikolingana. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na aina mbili au tatu za mkunjo. Tuchukue kichwa ambacho utosini zinapungua robo tatu na kisogoni zinapungua nusu. Zikiwa zimenyooka ukaacha sm 16 juu na sm 28 chini, jicho lako linaona ngazi nzuri. Akiosha, juu zinabaki sm 4, chini sm 14. Hiyo ndiyo kofia. Mkato haukubadilika, ila ulikuwa sahihi kwa siku moja tu.

Na za mbele ya uso zina lao. Hapo ndipo watu wanapopitisha pasi mara nyingi zaidi, kila wanapojitazama kwenye kioo. Joto kali likirudiwarudiwa linaua mkunjo moja kwa moja, na nywele za namna hiyo hazirudi hata uzilowanishe vipi. Kwa hiyo inawezekana kabisa "pembeni hazilingani" ya huyu mteja ilikuwapo kabla hujamgusa, ila zilipokuwa ndefu uzito uliificha.

Kuanzia leo, kabla ya kukata nywele za asili, chukua rula ya shuleni na karatasi. Nywele ziwe zimeoshwa, zimekauka zenyewe, hazina mafuta wala jeli. Chagua kishungi kimoja kimoja sehemu tano: mbele katikati, panja ya kulia, panja ya kushoto, utosini, na kisogoni chini karibu na shingo. Pima kikiwa kimetulia, kisha kivute taratibu kinyooke bila kumuumiza, pima tena. Andika namba zote mbili mbele yake. Kazi hii ni ya dakika chache na mteja anaipenda, anaona unamsoma. Kama sehemu zote tano zinapungua kwa kiwango kinachokaribiana, una uhuru mkubwa. Kama utosi unapungua robo tatu na kisogo theluthi moja, usithubutu kumkata akiwa amenyooshwa, labda kama haishi bila blodraya.

Na hilo la anavyoishi na nywele zake ndilo swali lenyewe. Usimuulize anataka mtindo gani, atakuonyesha picha kwenye simu. Muulize hivi: siku ya kawaida nikikukuta sokoni, nywele zako zimekaaje? Jibu lake ndilo linalokuambia zikatwe katika hali gani. Anayepiga blodraya kila wiki mwaka mzima, mkate zikiwa zimenyooka, na mwambie wazi kwamba akiziacha za asili umbo litabadilika. Anayeziacha wazi, mkate zikiwa wazi. Na yule ambaye miezi kumi kati ya kumi na miwili yuko kwenye rasta au wigi, mshauri aachane na ngazi. Wewe ni msusi, unajua: vipande vifupi vinachomoka kwenye msuko kila mahali, twende kilioni haikai wiki. Huyo punguza ncha zilizopasuka, chukua hela ya kupunguza ncha, mwache aende. Najua inauma kumkatalia mteja aliyekuja na pesa mkononi.

Kukata nywele za asili zikiwa wazi ni kazi ya polepole. Zioshe, zifumue kwa chanuo pana zikiwa na kondishena, suuza, acha zikauke bila kuzivuta, zisimame zinavyotaka. Mkalishe mbele ya kioo kisha umsimamishe pia, maana mabega yanabadilika mtu akisimama. Anza na umbo la nje: zunguka kichwa chote ukiangalia kivuli chake ukutani au kwenye kioo, kata kile tu kinachotoka nje ya umbo ulilokusudia. Ukimaliza nje, ndipo unaingia ndani kuondoa uzito: shika kishungi kimoja kilichojikunja chenyewe, usikichane, usikinyooshe, kata mahali mkunjo unapomalizia mzunguko wake, kiachie uone kimerukia wapi, kisha nenda kwa jirani yake. Vidole visibane. Utosi uwe wa mwisho, na hapo kata nusu ya unachofikiri kinatakiwa. Kwa nywele zinazopungua robo tatu, kuondoa sm 1 inayoonekana ni kuondoa sm 4 za unywele halisi, na mteja amezisubiri hizo karibu nusu mwaka.

Sasa habari ya maji. Unywele uliolowa unavutika. Unaweza kurefuka kwa karibu theluthi moja zaidi ya urefu wake mkavu, na uliowekwa dawa unavutika kirahisi zaidi na kukatika kirahisi zaidi, kwa sababu sehemu ya vile vifungo imara imeshavunjwa. Kwa hiyo ukikata vishungi vya usoni vikiwa vimelowa, huku kitana kinavuta na vidole vinabana, vikikauka vitapanda. Nywele zilizonyooka kiasili zinasamehe hilo, zinapanda kidogo na kwa usawa. Za mkunjo hazisamehi. Mwenzako alikuwa na ukweli kidogo kwamba maji yanatuliza nywele na mistari inaonekana safi, na kwa mstari wa chini wa nywele za dawa mimi huzikata zikiwa na unyevu. Kwa ngazi, hapana.

Kwa mteja wako wa kwanza, yule wa dawa, njia uliyotumia iliendana na maisha yake, lakini najua bado ulikuwa unabahatisha, kwa hiyo nikuonyeshe nilivyozoea kufanya. Mstari wa chini kwanza. Kichwa kimeinama kidogo, nywele zimelala shingoni, unazituliza kwa kitana badala ya kuzibana kwa vidole, unakata. Ukishakamilika usiuguse tena, maana huo mstari mnene ndio unaomfanya mtu aonekane ana nywele nyingi. Watu wanaamini ngazi zinaongeza ujazo. Ngazi zinaondoa nywele. Zinachofanya ni kupunguza uzito ili zilizobaki zinyanyuke. Mwenye nywele chache akikatwa ngazi nyingi anapata utosi uliochangamka na ncha zinazoonyesha nguo yake kupitia katikati.

Kausha kwa blodraya, usipake mafuta. Chora njia kuanzia juu ya panja moja, ipite chini kidogo ya utosi, itokee panja ya pili, na zilizo chini ya njia hiyo zibane zisikusumbue. Kwa nywele za mabegani zisizo nyingi, ngazi zako zote zinakaa juu ya njia hiyo. Chukua kishungi cha katikati kinachotoka paji hadi utosini, unene wa sm 1 hivi, kiinue wima, kata. Huo ndio mwongozo wako. Kila kishungi kinachofuata kichukue pamoja na kipande cha mwongozo, na kama huuoni mwongozo kupitia nywele mpya, umechukua nyingi mno, punguza.

Hapo kuna uamuzi ambao video hazikuambii. Mwongozo unaweza kutembea au kusimama. Ukitembea, kila kishungi kinakatwa pale pale kinapoota, na ngazi zinalingana kichwa kizima. Ukisimama, vishungi vyote vinavutwa hadi pale pa kwanza, na kadiri kishungi kinavyotoka mbali ndivyo kinavyobaki kirefu. Kwa hiyo ukitaka za mbele zibaki ndefu, zivute nyuma kabla ya kukata. Ukitaka urefu ubaki nyuma, zivute mbele. Ni sheria moja na inatosha kutengeneza karibu mitindo yote unayoiona, tofauti ni unavuta wapi na kwa kiasi gani. Na hapa ndipo pembeni panapoharibika bila mtu kujua: ukiwa kulia kwa mteja unavuta nywele kuelekea kifuani kwako, ukihamia kushoto unavuta tena kuelekea kifuani kwako, lakini miguu yako haijasimama mahali panapofanana. Upande mmoja ulivutwa mbele, mwingine nyuma. Sogea wewe, simama mbele ya kishungi unachokikata, usikiite kikufuate ulipo.

Kishungi kifupi kuliko vyote usoni kianzie kidevuni. Anayetaka mashavuni arudi baada ya kuosha mara mbili ndipo umpandishie. Ukimaliza, hakiki kwa njia za kinyume: ulikokata kwa vishungi vya wima pitia kwa vya mlalo, na pembe zitakazochomoza kati ya vidole ziondoe kwa kuingiza ncha ya mkasi kutoka chini, mkasi ukielekea sawa na nywele. Ukikata kwa kukingama unaacha mstari.

Kama mizizi imeota sm 3 au 4 tangu dawa ya mwisho, punguza nguvu ya kitana. Pale nywele za asili zinapokutana na za dawa ndipo dhaifu kuliko kote, zinakatikia hapo, na baadaye mteja atasema ni mkasi wako.

Sasa wembe. Wembe unakata kwa kuchana unywele kimshazari, unaacha ncha ndefu nyembamba iliyobanduliwa magamba yake ya nje. Kwenye nywele nene zilizonyooka inaleta ulaini fulani mzuri, sikatai. Kwenye nywele za dawa, ambazo magamba yake yameshachoka, hizo ncha zinapasuka ndani ya wiki chache na mpasuko unapanda juu. Kwenye za asili unapata ukungu wa nywele zilizosimama kila upande. Kuteleza na mkasi uliofunguka nusu kunaleta madhara yaleyale. Makasi yenye meno ya kupunguza ujazo nayo yana hatari yake: ukiyatumia karibu na mizizi, vile vifupi ulivyovikata vinasimama na kuzisukuma ndefu juu, unapata kofia nyingine. Kwa nywele za mkunjo mimi siyatumii kabisa. Huenda wapo mafundi wanaoyaweza. Sijaona kazi yao ikidumu.

Kuhusu mkasi wenyewe, wa inchi 5.5 au 6 uliotengenezwa kwa nywele unatosha, huhitaji wa bei ya kutisha. Ujaribu kwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa: ukikata bila kuivuta wala kuikunja, mzima. Na tafadhali, mkasi huo usiukatie rasta za sintetiki. Nimeona saluni nyingi mkasi mmoja unakata kila kitu, na plastiki inamaliza makali upesi. Makali yakiisha mkasi unazibana nywele na kuzikunja kabla ya kuzikata, na ndipo unapoona mistari imejikata kama meno. Weka mkasi wa rasta pembeni, ufunge kitambaa chekundu kwenye mpini, na atakayekosea amnunulie mwenzake mwingine.

Tuje kwa mteja wako. Mwite, muoshe, ziache zikauke zenyewe, kisha pima zile sehemu tano. Usikate siku hiyo kama amekuja na hasira. Ukishajua pengo liko wapi, njia ziko tatu na ukweli wa kila moja ni huu.

Ya kwanza ni kupandisha chini kufuata juu, umpe umbo la duara fupi. Matokeo yake ni mazuri kuliko yote na ya haraka, lakini anapoteza urefu alioulea, na mwanamke aliyefuga nywele za asili miaka kadhaa anaweza asikubali. Usimshawishi. Mwonyeshe kwa kuzibana za chini kwa vibanio ajione kwenye kioo, aamue mwenyewe.

Ya pili, ambayo ningeanza nayo, ni kujenga kati. Utosi usiuguse hata unywele mmoja. Angalia ukanda ulio chini tu ya kofia, pale panapotoka ghafla kutoka fupi kwenda ndefu. Chukua kishungi kimoja, ruka viwili, chukua kingine, kikate kiwe na urefu wa katikati ya juu na chini kikiwa kimejikunja. Zunguka hivyo mpaka ukingo wa kofia uache kuonekana. Ndipo upunguze chini sm 3 au 4 tu, zikiwa zimenyooshwa, kuondoa zile chache zinazoning'inia. Hatapata mkato aliouota, ila atatoka nje bila kilemba.

Ya tatu ni kusubiri, na hapa watu wengi wanadanganyana. Nywele za Kiafrika zinaota takriban sm 0.8 kwa mwezi, wakati za Wazungu zinakaribia sm 1.2. Lakini kusubiri peke yake hakuzibi pengo, kwa sababu za chini nazo zinaota kwa kasi ileile. Pengo linazibika ukikata chini kile kilichoota: kila miezi miwili aje umpunguze kama sm 1.5 chini, juu usiguse. Urefu wake unabaki palepale, za utosini zinarefuka kuufuata. Pengo la sm 5 litachukua miezi sita na ushee. Na umwambie asiamini kwamba kukata kunaharakisha kuota. Mzizi uko ndani ya ngozi, hauna habari na mkasi. Zinaonekana kuota kwa sababu ncha haziendelei kukatika.

Katika miezi hiyo asijifiche nyuma ya pasi kila wiki, maana ataua mkunjo wa mbele na utabaki na tatizo jipya. Kuna kitu mama zetu walikifanya na sisi tumekiachia bibi: nywele za uzi. Utosini tu, mfunge uzi vishungi vikubwa usiku, asubuhi afungue. Uzi unanyoosha bila joto, za juu zinarefuka zikutane na za chini, na kofia inaisha kwa siku mbili tatu. Mfundishe afanye mwenyewe nyumbani. Akitaka kusuka, msuke kwa kulegeza, hasa kwenye panja.

Kuna jambo la kuliangalia kabla hata ya rula. Unapogawa nywele, tazama ngozi ya utosini na ya panja. Ukiona panang'aa, vitundu vya nywele havionekani, au akikuambia panawasha, panachoma, panauma akichanwa, weka mkasi chini. Kuna upotevu wa nywele unaoanzia utosini na kuacha kovu, na nywele zikishapotea kwa kovu hazioti tena. Kuwahi ndiyo dawa yake kubwa. Panja zinazorudi nyuma kwa kusukwa kwa kubana nazo zina dirisha lao la kupona, halikai wazi milele. Usimuuzie mafuta ya kuotesha. Aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, hapo kwenu Bombo, aombe kuonwa kuhusu ngozi ya kichwa. Ikibidi rufaa, hospitali ya KCMC kule Moshi wana kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha madaktari wa eneo hili. Na mteja aliyewahi kuunguzwa na dawa mpaka akatoka vidonda, subiri apone kabisa.

Kwa upande wako, pembe ya mkono haifundishiki kwa maandishi yangu wala kwa video, kwa sababu kamera inalaza kila kitu. Nyuzi 90 na nyuzi 60 zinafanana kwenye simu. Tafuta kichwa cha mazoezi chenye nywele halisi, ukate mstari mmoja, kisha ngazi za nyuzi 90, kisha ufupi zaidi, mpaka nywele ziishe. Ulizia chuo cha VETA kilicho karibu nawe kama kina kozi fupi ya ususi na urembo, na ukipata saluni ambayo mtu anakata kweli, omba ukae pembeni siku nzima ufagie nywele. Simama nyuma yake, usisimame mbele. Utazame kiwiko chake, maana kiwiko kikishuka pembe imeshuka.

Kuhusu hela. Blodraya, pasi na muda wako ulivitoa, na siku ile aliondoka ameridhika, kwa hiyo si kweli kwamba hukumfanyia kitu. Lakini hukumwambia kwamba umbo litabadilika akiosha, na hilo lilikuwa juu yako. Mimi ningempa marekebisho bure pamoja na zile safari za kupunguza chini kila miezi miwili mpaka pengo lizibe, niandike tarehe ya kwanza kabla hajatoka mlangoni. Akisema hataki mkasi wako tena, anataka pesa yake, mpe yote, usibishane naye mbele ya wateja, na umwandikie zile namba tano kwenye karatasi aende nazo kwa fundi mwingine.